Lita za Mtu Peke Yake

Kwa miaka minne Semana alikuwa dereva wa gari dogo la ushirika wa wafugaji kule juu ya Lushebere, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akiendesha peke yake. Jumanne na Ijumaa alipanga maduara ya jibini ndani ya buti, sitini kwa kawaida, kila moja limefungwa kitambaa cheupe kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, kisha akashika njia ya Sake. Jibini lilikaa nyuma. Viti vilikuwa vya watu.

Hakuwatoza kitu. Ukitaka kujua alikuwa akilipwa nini, ngoja nikupeleke kwanza nyumbani kwake, maana ni karibu tu: chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kukandia jibini, chenye harufu ya maziwa yaliyoganda hata mlango ukiwa wazi. Kitanda, redio, sufuria, sahani mbili. Sahani moja ilikuwa imefunikwa kifudifudi juu ya rafu tangu Mukakalisa, mke wake, alipofariki. Binti yao Alliance aliolewa Walikale, upande ambako simu hupatikana mtu akipanda kilima, na si kila siku mtu anapanda kilima. Basi ndani ya chumba kile Semana aliweza kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu bila kusikia sauti yake mwenyewe, ila akikohoa.

Ndani ya gari yalikuwa mambo mengine. Alijua nani anangoja wapi. Pale Matanda, chini ya mikaratusi, alingoja Mama Francine, muuza maharage, mjane kama yeye, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alianza kusema kabla mlango haujafunguka.

“Papa Semana! Leo iko na njaa ao iko na usingizi, hii gari yako? Nakusikia tangu kule kwa kona, inalia kama muntu mwenye kupanda na mugonjwa kwa mugongo.”

“Ni weye unaingia njo italia, Mama Francine.”

“Miye? Miye niko mwepesi! Ni maharage iko nzito.”

Na wote waliobanana kwenye kiti cha nyuma wangecheka, na safari ingeanza upya. Huyo anasimulia ndoa ya mpwa wake, yule anamlaumu muuguzi, mwingine analala na kukoroma hadi Mushaki. Semana alisikiliza, akitia neno hapa na pale. Akifika Sake alikuwa ameshiba, naye hajala kitu.

Ubaya ulitoka kwenye karatasi.

Gari lilikuwa limenunuliwa Goma, si jipya, lakini lilikuja na karatasi yake nzuri ya Kifaransa yenye tampon mbili, yaani mihuri, moja ya bluu na moja nyekundu. Karatasi ilisema gari hili hunywa lita tano kwa kilomita mia moja. Olga, mama aliyekuwa gérante, msimamizi wa ushirika, mwenye miwani na mwandiko ulionyooka, alitoa nakala yake na kuibandika ukutani ofisini, juu ya orodha ya ng'ombe. Kutoka ofisini mpaka soko la Sake na kurudi, kilomita mia moja na ishirini. Karatasi inataka lita sita. Olga, kwa moyo mwema, alitoa saba: “Ile moja ni ya matope.”

Gari lilikunywa kumi. Mvua ikizidi, kumi na moja. Kila mara Semana alirudi kuomba esansi, petroli, ya kuongeza, na kila mara Olga alimpa, akitazama karatasi ya ukutani, kisha akimtazama yeye, kisha karatasi tena.

Jumapili moja baada ya misa kamati ilimwita. Walikaa kwenye mabenchi ya nyumba ya jibini. Sebarenzi, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alibaki amesimama, kidevu juu ya fimbo yake.

“Papa Semana, ngoja nikuulize kama mufugaji,” alisema. “Miye ng'ombe yangu nikimupa majani ya kutosha, na maziwa haionekane, najua kuko muntu amemukamua mbele yangu. Sasa hii gari, ni nani anaikamuaka?”

Watu walicheka. Semana hakucheka. Alijua kicheko kile kinaelekea wapi. Kule Sake, kando ya barabara, mezani, esansi iliuzwa katika chupa, ya manjano kama mafuta ya kupikia, na kila mtu alijua kuna madereva wanaozijaza chupa zile.

“Ni barabara,” alisema.

“Barabara iko na mudomo?”

“Iko nayo.” Akaanza kuwaeleza, akihesabu kwa vidole. Mlima wa Mushaki unaupanda na gia ya kwanza, injini inapiga kelele na gari linatambaa. Matope yanashika magurudumu, yanazunguka bila kwenda. Kila kizuizi unangoja na injini inawaka, maana ukiizima asubuhi ya baridi haikubali tena kuwaka haraka. Na kule juu kwenye ukungu hata hewa ni nyembamba, injini inahema kama mtu.

“Iko vizuri,” alisema Sebarenzi. “Lakini karatasi iko na tampon mbili. Weye uko na tampon ngapi?”

Kulikuwa na neno jingine ambalo Semana angeweza kusema, nalo lilimkaa kooni: watu. Watu wanne wazima na mizigo yao, kila safari, kwenye mlima ule. Dereva yeyote anajua kwamba uzito unakunywa. Lakini aliona wazi, kama anavyoona kona ya barabara, kitakachofuata akilitamka. Kamati itasema: basi, watu wasipande tena. Kwa hiyo alilimeza. Na mtu anayemeza neno mbele ya kamati, uso wake hufanana sana na uso wa mwizi.

Paul, katekista wa kanisa, ndiye aliyeleta shauri. Tujaze tangi mpaka shingoni, alisema. Tufunge mfuniko kwa nta ya mishumaa, tupige juu yake tampon ya kutilia jibini alama, ili asiufungue mtu. Aende Sake, arudi, tujaze tena mpaka shingoni. Kitakachoingia ndicho gari lilichokunywa. Wote walikubali. Hata Semana alikubali, tena upesi kuliko wote, maana jina lake lilikuwa limelala chini pale katikati ya mabenchi na alitaka kuliokota.

Kosa lake lilianza Jumatatu.

Siku nzima alilihudumia gari lile kama bibi harusi. Alijaza magurudumu upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Aliondoa kile chuma cha juu cha kufungia mizigo. Aliondoa mazulia ya miguuni, jeki, koleo la matope, hata yale mawe mawili anayotegea magurudumu mlimani. Na usiku, kitandani, alikata shauri la mwisho: kesho hambebi mtu. Alitaka kufikia karatasi. Hakutaka kupima safari yake ilivyo. Alitaka kuonyesha kwamba karatasi na yeye ni watu wa kusema kweli, wote wawili.

Jumanne mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoanza wala kuisha. Walifunga mfuniko kwa nta, Olga akaipiga tampon ya jibini, ng'ombe mdogo ndani ya duara. Semana akaondoka polepole, mguu juu ya pedali mwepesi kama mtu anayekanyaga mayai.

Matanda, chini ya mikaratusi, Mama Francine alikuwa amesimama na gunia lake miguuni na nailoni kichwani. Alimwona kwa mbali, akainua mkono. Kisha, gari lilipokaribia, aliinama kushika gunia, kwa sababu miaka minne gari lile halijawahi kumpita.

Lilimpita.

Semana alitazama mbele. Lakini kioo cha kando hakijui adabu, kilimwonyesha: mwanamke ameinama, mkono kwenye shingo ya gunia, kichwa ameinua, mdomo wazi bila sauti. Viti vinne vitupu vilipita mbele ya macho yake, vimefutwa vumbi.

Waliokuwa wakingoja mbele wote aliwapita vivyo hivyo. Kule Mushaki, barabara inapoanza kuteremka kuelekea Sake na ziwa linaonekana chini kama bati, alifanya jambo wanalolifanya madereva wote wa kule, ambalo yeye alikuwa halifanyi akiwa na watu: alizima injini, akaliacha gari literemke lenyewe. Usukani ukawa mzito. Breki zikawa ngumu, ilibidi azikanyage kwa miguu miwili. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa mawe chini ya magurudumu na vitambaa vya jibini vikisuguana kule nyuma. Kwenye kona ya tatu, ng'ombe mmoja alisimama katikati ya njia, na Semana alivuta breki ya mkono mpaka harufu ya moto ikajaa ndani. Ng'ombe alisogea. Gari lilipita. Ndipo alipojisikia anasema kwa sauti, “Mumeona?” na hapakuwa na mtu wa kuona.

Alirudi alasiri. Kamati ilikuwa imejipanga ukumbini. Nta ilikuwa nzima, ng'ombe mdogo bado ndani ya duara lake. Olga alimimina esansi kwa kile kikombe cha lita cha kupimia maziwa, kikuukuu kilichokatika mkono, na watu wote wakahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Sita. Saba. Nane. Na nusu.

Olga alikiweka kikombe chini.

“Nane na nusu,” alisema Olga. “Karatasi inasema sita.”

“Bado mbili na nusu,” alisema Sebarenzi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Nta aliiona kwa macho yake.

Paul aliomba karatasi yenyewe, si ile nakala ya ukutani. Semana aliitoa kwenye sanduku la mbele la gari. Katekista aliivuta miwani mpaka ncha ya pua, akasoma mistari ya juu, akashuka, akafika chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama chawa. Nakala ya ukutani ilikuwa imekatwa pale. Mashine ya nakala ya Goma haikuzifikia.

“Haya,” alisema. “Hapa banasema vile walipima. Walipima ndani ya nyumba.”

“Ndani ya nyumba?” aliuliza Sebarenzi. “Gari inakimbia ndani ya nyumba?”

“Gari haiende fasi. Inasimama juu ya vyuma vyenye kuzunguka. Magurudumu njo inatembea. Dereva peke yake. Hakuna muzigo. Hakuna upepo. Hakuna mulima.”

“Na matope?”

“Matope itaingia je mu nyumba, Papa?”

Kicheko kilimpanda Sebarenzi kutoka tumboni, akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. “Kumbe! Muntu amelala ku kitanda, anatingisha miguu, anasema nimefika Walikale!” Kisha alimwendea Semana, akaupokea mkono wake kwa mikono yake yote miwili. “Unisamehe, kaka. Nilikutukana mbele ya batu, nakuomba samahani mbele ya batu. Kesho utakunywa maziwa kwangu.”

Ilikuwa saa nzuri. Semana aliliona jina lake limeokotwa, limekung'utwa vumbi. Ndani ya saa hiyo hiyo Olga alikwenda ukutani, akaing'oa ile nakala, akachukua karatasi nyeupe.

“Tuache mambo ya bale ba ndani ya nyumba,” alisema. “Sasa tuko na kipimo yetu wenyewe. Lita munane na nusu. Hakuna wa kuongeza, hakuna wa kupunguza.” Akaandika, akapiga tampon ya jibini, akabandika.

Semana aliusoma mwandiko ule ulionyooka. Ndipo alipotambua kilichopimwa. Kilikuwa kimepimwa kwenye barabara ya kweli, mlima wa kweli na matope ya kweli, lakini dereva alikuwa yule yule wa kwenye karatasi: mtu peke yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha.

Angeweza kusema papo hapo. Lakini mkono wa Sebarenzi ulikuwa bado unautikisa wake, na zile lita kumi na kumi na moja za zamani zilikuwa na watu ndani yao; akizitaja, angewataja na wao. 

Ijumaa alipita Matanda na viti vitupu. Jumanne tena. Mara ya kwanza mikono iliinuliwa njiani kwa mazoea; mara ya pili michache; wiki ya tatu hakuna aliyehangaika, watu walimtazama kama wanavyotazama gari la wageni. Alianza kusikia mambo ndani ya gari ambayo miaka minne hakuyajua: skrubu iliyolegea mlangoni, mkanda unaolia ukiwa na baridi, saa ndogo kwenye dashibodi ikigonga. Siku moja karibu na Mushaki alijikuta anawasimulia maduara sitini ya jibini habari za Alliance, jinsi alivyokuwa mtoto, jinsi alivyoogopa ndama. Jibini linasikiliza vizuri, halikatizi. 

Mwisho alikwenda kwa Olga. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema yote.

Olga aliivua miwani. “Papa Semana, batu wote banajua weye unabebaka batu. Miye mwenyewe umenibeba mara ngapi? Bibi ya Sebarenzi, si kila mwezi anapandaka? Nani angekukataza?” Akamtazama sana. “Sasa ile siku ya kupima, mbona ukabaacha?”

“Nilitaka kufikia karatasi.”

 Olga aligeuka akaitazama ile tampon ukutani. “Kamati itakaa kisha ya Pasaka. Siwezi nikabandua leo kitu tulibandika jana. Sebarenzi amekwisha kueleza batu ba mulima yote hii kipimo. Ungojee Pasaka, kaka.”

Pasaka ilikuwa mbali wiki tisa.

Ijumaa iliyofuata, Matanda, Mama Francine alikuwa pale pale chini ya mikaratusi, akingoja kamio, lori la magunia, maana sasa alipanda kamio, juu ya mizigo, na mvua. Hakuinua mkono. Aligeuza uso upande wa shamba. Semana alifika mbele yake, mguu ukaenda kwenye breki wenyewe. Alizima injini. Akachukua jiwe kando ya njia, akategea gurudumu, akaja akaketi juu ya gunia la maharage bila kukaribishwa.

“Ulipotea njia?” aliuliza Francine, bado anatazama shamba.

“Hapana.”

“Ao gari imekufa?”

“Nimeizima. Ikizimwa haikunywake.”

Francine bado hakugeuka. “Nilisikia batu tuko nzito sana. Banasema ku kamati walitupima na kikombe ya maziwa.”

“Hawakukupima, Mama Francine. Nilipima viti.” Na pale pale, matone yakidondoka kutoka mikaratusi, alimweleza: karatasi, herufi ndogo, nta, lita nane na nusu, Pasaka. Alipofika kwenye yule ng'ombe wa kona ya tatu Francine aligeuka.

“Ulizima moteur mu mteremko wa Mushaki? Kwa umri yako? Juu ya nusu lita?”

“Juu ya jina langu.”

“Jina! Ungekufa, tungeandika jina ku musalaba, vizuri sana.” Alimpiga bega kwa kiganja, kweli, si kwa mchezo. Kisha akafungua kitambaa, akatoa ndizi mbili za kuchoma, akampa moja. Wakala. Alimweleza kwamba mpwa wake ameachana na yule mume. Alimweleza kwamba muuguzi amehamishwa. Wiki nne za habari, na alizitoa zote bila kupumzika, na Semana alitia neno hapa na pale.

Kamio ilisikika kwa mbali ikipanda. Francine alisimama. Semana alimpandishia gunia, watu wa juu wakalivuta, wakamvuta na yeye. “Jumanne!” alipiga kelele kutoka juu. “Ulete chumvi ya ndizi!”

Semana aliondoa jiwe, akawasha gari. Kamio ilikuwa nzito, ilikwenda mwendo wa mtu, na mara mbili barabara ilipanuka kiasi cha kuweza kuipita. Hakuipita. Alibaki nyuma yake na gia ya kwanza, matope yakimrukia kwenye kioo, viti vinne vitupu kando na nyuma yake, akikitazama kitambaa cha kichwa cha Francine, cha kijani, kikiyumba juu ya magunia mpaka Mushaki, na mpaka Sake.

Jioni Olga alimimina kwa kikombe cha lita. Nane. Nane na nusu. Akaongeza tena kidogo, na kidogo.

“Tisa kamili,” alisema. “Imezidi, Papa. Ulibeba muntu?”

“Hapana,” alisema Semana. “Nilikuwa nyuma ya kamio.”

Olga alikitikisa kikombe mpaka tone la mwisho, akaufunga mfuniko, akaingia ndani. Semana alilifunga gari, akazunguka nyumba ya jibini kwenda chumbani kwake, akiwaza njiani nani anaweza kumuuzia chumvi kabla ya Jumanne.